Beti la marisaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulishona na kulikarabati

Mimi ni fundi ngozi. Nilianza na viatu, nikahamia mikoba na mikanda, na sasa, huku kaskazini mwa Uingereza ninakoishi, sehemu kubwa ya kazi yangu ni mabeti ya marisaa: mapya ninayoshona mwenyewe na ya zamani yanayoletwa yakiwa yameachia mshono. Wanaonitafuta ni walenga shabaha, wawindaji wa ndege, na watu waliofungua sanduku la babu wakakuta mfuko mzito wenye mdomo wa shaba wasijue ni wa nini. Wengi ni Waswahili wenzangu walioko huku na huko, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa kila siku.

Beti la marisaa ni kitu gani hasa?

Ni mfuko wa ngozi wenye umbo la kibuyu kidogo. Tumbo liko chini, shingo juu, na shingoni kumefungwa kichwa cha shaba njano chenye kipimio. Ndani mnakaa marisaa, yaani vile vidonge vya risasi vinavyotawanyika vikitoka kwenye mtutu. Mwenye bunduki ya kushindilia (sisi tumezoea kusema gobore, ingawa bunduki za Kiingereza za kuwindia ndege zenye mitutu miwili ni nyepesi kuliko magobore mengi) hana ganda la risasi la kusukuma kwa nyuma. Humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia kizibo kinene kwa mdeki, akamimina marisaa, akashindilia kizibo chembamba cha kadi, na mwisho akavisha fataki, kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, kwenye chuchu ya bunduki. Kazi ya beti ni kumpa marisaa kiasi kile kile kila mara, hata kukiwa na mvua na vidole vimekufa ganzi.

Katika ukurasa huu nikisema "risasi" namaanisha madini. Neno lenyewe tulilichukua kwenye Kiarabu, ambako ni jina la madini hayo na pia la kile kinachotoka bundukini.

Kwa nini marisaa yabebwe kwenye ngozi, na baruti ibebwe kwenye chupa ya shaba?

Kwa sababu ya uzito, na uzito ndio utakaokutana nao katika karibu kila jibu hapa chini. Beti la kawaida hubeba pauni 2 hadi 4 za marisaa, na pauni 4 ni kama kilo 1.8 zinazoning'inia nyongani na kuhama kila unapopiga hatua. Zitie kwenye chombo cha bati utembee nacho: kitalia kama kayamba, na hakuna ndege atakayekusubiri. Chombo hicho kikianguka kimejaa, hubonyea. Ngozi hunyamaza, hulala kwenye nyonga, na ikianguka hakuna kinachoharibika.

Baruti ni nyepesi, lakini haipatani na unyevu. Ngozi hunywa unyevu wa hewa, shaba hainywi. Ndiyo maana mwindaji wa zamani alibeba vyombo viwili tofauti kabisa, na havikubadilishana kazi.

Mabeti haya yalitengenezwa wapi?

Jina utakalokutana nalo mara nyingi ni Sheffield. Kampuni ya James Dixon & Sons, iliyoanza mwaka 1806 na kuweka kiwanda chake Cornish Place kando ya mto Don, ilitoa mabeti na chupa za baruti kwa wingi. G. & J. W. Hawksley, wa mji huo huo, walikuwa washindani wao. Marekani kulikuwa na American Flask and Cap Company ya Waterbury, Connecticut. Jina la mtengenezaji hupigwa kwenye shaba ya kichwa. Kwenye ngozi si rahisi kulikuta.

Zama zake hazikuwa ndefu. Mwaka 1782 William Watts wa Bristol alipata hataza ya kutengeneza marisaa kwa kudondosha risasi iliyoyeyushwa kutoka juu hadi kwenye maji. Tone huviringika likiwa hewani na kugandia chini likiwa duara. Kuanzia hapo marisaa mazuri yakawa rahisi kupatikana. Mwaka 1807 mchungaji wa Kiskoti, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, na kutokana na wazo hilo ikaja fataki iliyolisukuma gumegume kando. Kisha katika maonyesho makubwa ya London ya 1851 Waingereza wakaiona bunduki ya Mfaransa Lefaucheux inayofunguka nyuma na kupokea ganda lililokwisha kujazwa. Miaka ishirini baadaye watu wengi wenye uwezo walikuwa wameshaacha kushindilia, na mabeti yakaenda kwenye masanduku.

Nina beti la zamani. Nitajuaje ni la aina gani?

Tazama kichwa. Kikiwa na wenzo pembeni unaobonyezwa kwa kidole gumba, hilo ni beti la vilango viwili. Ndani ya kichwa mna bomba fupi, lenye kilango chini na kilango juu. Ukilipindua beti, cha ndani kiko wazi na cha nje kimefungwa, hivyo bomba linajaa. Ukibonyeza wenzo, cha ndani kinafunga na cha nje kinafunguka, na marisaa ya bomba moja tu yanashuka.

Kama kipimio chenyewe kinachomoka kizima, mfano wa kikombe chembamba, na tundu linajifunga kwa springi nyuma yake, huo ni mtindo unaoitwa wa Kiayalandi. Mimi naupenda kuliko yote. Beti linabaki ubavuni, unachota, unamimina, unarudisha.

Aina ya tatu haina tumbo la kibuyu. Ni mkanda mpana wenye uwazi ndani, unaovaliwa begani hadi kwenye nyonga, na mingine ina vyumba viwili kwa marisaa ya saizi mbili. Mikanda mingi iliyotufikia imechanika begani, mahali uzito wote ulipokuwa ukivuta.

Nitumie ngozi gani kushonea jipya?

Ngozi ya ng'ombe au ndama iliyolainishwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 1.5 hadi 2 kwa beti linaloshonwa kwa nje, na milimita 1.2 kwa linaloshonwa ndani-nje kisha kupinduliwa. Kata kwenye bega au mgongo. Tumbo la ng'ombe liache, maana huvutika upande mmoja kuliko mwingine, na miezi michache ya kubeba risasi italiacha beti lako limepinda kama embe bovu.

Ngozi ya magome ndiyo inayoshika umbo. Ikilowa inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, ikikauka inabaki ulivyoiacha. Kuitambua ni rahisi: dondosha tone la maji upande wa uso. Kwenye ngozi ya magome ambayo haijapakwa rangi nzito, tone huzama upesi na kuacha doa jeusi. Ya kromu, ambayo ndiyo ya viatu na mikoba mingi ya madukani, hulikalisha tone juu kwa muda, na ukiikata, ukingo wake mara nyingi una rangi ya kijivu au buluu. Inafaa kwa mambo mengi. Kwa beti haifai, kwa sababu hata uilowanishe mara ngapi itarudi kuwa bapa.

Kwa walioko Tanzania na Kenya: dawa ya magome ya mwati tunayo nyumbani. Njombe iko Kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa 1949, ambayo kazi yake ya asili ni kupanda miwati na kukamua dawa hiyo hiyo ya kulainishia ngozi. Ukimuuliza muuza ngozi "hii ni ya mwati au ya kromu?" ataelewa.

Beti liwe kubwa kiasi gani?

Dogo kuliko unavyofikiri. Kilo 1 ya marisaa huchukua nafasi ya takriban mililita 150, yaani nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Karibu kila beti la kwanza la mwanafunzi huwa kubwa mno. Akilijaza, linamvuta suruali. Akilijaza nusu, marisaa yanacheza ndani na kusugua mshono.

Kiolezo changu cha karatasi kina urefu wa sentimita 20 na upana wa 10.5 pale palipopanuka zaidi. Shingo nyembamba itoke taratibu kwenye tumbo, bila bega la ghafla, la sivyo marisaa yatakwama ukilipindua.

Upana wa shingo upigie hesabu, usikisie. Pima mzunguko wa pete ya shaba. Kwa pete yenye kipenyo cha milimita 25, mzunguko ni kama milimita 79, kwa hiyo kila upande wa ngozi upate 40, kisha ongeza milimita 5 kila ukingo kwa ajili ya mshono. Jumla ni milimita 50 kwa kila kipande. Ikibana kidogo ni heri, kwa sababu ngozi iliyolowa itavutika. Ikilegea, hakuna uzi utakaoificha.

Nalishonaje, hatua kwa hatua?

Kata vipande viwili vinavyofanana. Kata pia ukanda mwembamba wa ngozi, upana wa milimita 6, wa kulala katikati ya vipande hivyo kufuata ukingo wote wa tumbo. Wengi huuruka. Ukanda huo ndio unaoukinga uzi: marisaa yanaposogea hugonga ukanda, hayagusi uzi. Nimefungua mabeti yasiyo nao na kukuta uzi umelika ndani kama kamba ya kisima.

Gundisha kingo kwa gundi kidogo ya viatu ili zisihame. Chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni, weka alama kila milimita 3, kisha toboa kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, ukiushika wima. Ukiulaza, matundu ya nyuma yatatoka njia na mshono utaonekana umelewa upande wa pili.

Uzi uwe wa kitani, uliovutwa kwenye donge la nta mara nne au tano hadi ushike vidoleni. Kata urefu mara nne ya mshono. Tia sindano kila ncha. Shona kwa mkono kwa sindano mbili: kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kulia na moja kutoka kushoto, kisha vuta zote kwa nguvu sawa. Uzi wa upande mmoja ukikatika, ule wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani hauko hivyo. Kule nyuzi mbili zimenasana tu katikati ya ngozi, na moja ikilika, nyingine inafuata. Kwa pochi cherehani inatosha. Kwa kilo mbili za risasi, shona kwa mkono.

Ukimaliza, sawazisha ukingo kwa kisu na msasa, ulowanishe kidogo, usugue kwa kitambaa kigumu hadi ung'ae, kisha pitisha nta.

Halafu umbo. Lizamishe beti kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kama kumi. Yawe ya uvuguvugu, nasisitiza, kwa sababu niliwahi kutumia maji ya birika nikiwa na haraka, na kazi ya siku mbili ikajikunja mbele ya macho yangu ikawa ngumu kama gome. Ngozi iliyopikika hairudi. Litoe, lijaze mchanga mkavu uliochekechwa, ukiushindilia taratibu kwa kijiti hadi tumbo lijae pande zote. Lining'inize kivulini siku mbili. Usilijazie marisaa katika hatua hii. Tindikali iliyo kwenye ngozi ya magome, ikipata maji, huila risasi na kuacha unga mweupe wenye sumu na madoa meusi yasiyotoka.

Na shingo? Ndipo ninapokwama kila mara.

Hapo hata mafundi wazoefu hukwama, kwa sababu ngozi laini inakutana na shaba ngumu na uzito wote unaning'inia baina yao. Mabeti mengi niliyofungua hayakuanza kuharibika tumboni. Yalianza kwenye milimita kumi za juu.

Tatizo ni mshono wenyewe. Ukiuleta hadi mdomoni ukiwa na unene wake wote, utainua ngozi mbali na pete pande mbili na kuacha mianya miwili midogo ya pembetatu. Marisaa madogo yatapita humo, na kila linalopita linaupanua mwanya. Dawa yake ni kupunguza unene kabla ya kushona: sentimita 1.5 za mwisho za kila ukingo zichongwe kwa kisu kikali upande wa nyama hadi zibaki nusu, na ule ukanda wa katikati uishie chini ya hapo.

Pete iwe na mfereji kuizunguka. Lowanisha shingo, ivute juu ya pete hadi ipite mfereji, kisha ufunge kwa uzi wa kitani wenye nta, mizunguko kumi na miwili au zaidi, kila mmoja ukikaa ubavuni mwa mwenzake, ukivuta hadi uone ngozi inazama mferejini. Ncha ya uzi ipitishe chini ya mizunguko yenyewe na uivute ndani, fundo lisionekane. Iache ikauke kabisa kabla ya kufunga kichwa. Ngozi ikikauka hujikaza, na hapo ndipo pete inaposhikwa kweli.

Wengine huongeza misumari midogo au skrubu kupitia ngozi hadi kwenye pete. Mabeti mengine ya kiwandani yalifungwa hivyo. Mimi sifanyi kwenye jipya, kwa sababu kila tundu shingoni ni mahali pa kuchanikia.

Sina kichwa cha shaba wala fedha ya kununua. Nifanyeje?

Tumia pembe ya ng'ombe. Wamarekani wa vijijini walishona mabeti yasiyo na shaba kabisa, na wapenzi wa bunduki hizi kule bado wanayashona: shingo ya pembe au mbao, kizibo cha mbao kilichofungwa kwa kamba kisipotee, na kipimio kidogo kando. Kata kipande cha pembe chenye urefu wa sentimita 4, chonga mfereji kama ule wa pete, na ufunge vivyo hivyo. Kuna hata mtindo mrefu mwembamba uliopindapinda, ambao wao huufananisha na nyoka. Marisaa hutoka taratibu kwa sababu ya mikunjo, na ni zoezi zuri sana la kushona ndani-nje. Ukiwa tayari kulipindua, liloweshe, anza na mkia, usukume kwa mpini wa mwiko bila pupa.

Mshono wa beti langu la zamani umeachia. Nilishone upya lote?

Hapana. Kata tu kilichokufa. Ondoa nyuzi zilizooza kwa kibano, tundu kwa tundu. Usitie kisu kati ya vipande viwili vya ngozi, kwani kitateleza. Anza kushona matundu manne kabla ya palipoachia na umalize manne baada yake, ili uzi mpya upande juu ya uzi wa zamani ulio mzima.

Na ushone kwenye matundu yale yale. Hili ndilo ninaloliombea kuliko yote katika ukurasa huu. Msharasi uweke mbali kabisa. Tumia sindano butu, itafute njia aliyoipitia fundi wa kwanza, na ukikosa, tazama kwa mwanga upande wa pili. Ngozi ya miaka 150 haina nguvu ya kubeba matundu ya ziada. Ukitoboa mapya katikati ya ya zamani, unaigeuza kingo kuwa kama ya stempu, na siku beti litakapojazwa litachanika kufuata mstari uliouchora wewe.

Mwaka jana nililetewa beti la Sheffield lenye mbwa aliyechapwa tumboni, amesimama mguu mmoja juu akinusa kware. Picha za namna hiyo zilipigwa kwa muhuri wa chuma kwenye ngozi iliyolowa. Lilikuwa limeachia matundu 41 upande wa chini. Mtu mmoja kabla yangu alikuwa amelishona kwa cherehani, mstari mpya milimita 2 ndani ya ule wa asili, na mstari huo ulipita juu ya mkia wa mbwa. Ngozi baina ya mistari miwili ilikuwa imebaki utepe unaokatika ukiguswa. Niliondoa uzi wa cherehani, nikabandika kwa ndani kipande chembamba cha ngozi ya mbuzi, milimita 0.6, kwa gundi ya uji wa ngano, nikakiacha kikauke usiku kucha, kisha nikarudi kwenye yale matundu 41 ya kwanza, sasa yakiwa na kitu kipya cha kushika nyuma yake. Ilinichukua alasiri mbili. Gundi ya uji naipenda kwa kazi hii kwa sababu fundi atakayekuja baadaye anaweza kuiachisha kwa unyevu kidogo. Gundi ya viatu kwenye ngozi ya zamani haiachii bila kung'oa na ngozi.

Ngozi nzee usiizamishe majini kamwe. Ikiwa ngumu, ipe unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, sehemu ndogo tu, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana.

Ngozi inatoa unga mwekundu mikononi. Niipake mafuta?

Usiipake. Unga huo ni dalili ya ngozi ya magome iliyokunywa moshi wa salfa kwa miaka mingi. Miji ya makaa ya mawe na taa za gesi ilikuwa imejaa moshi huo, na salfa ikageuka tindikali ndani ya nyuzi za ngozi. Nyuzi zikishakatika, mafuta hayaziungi. Yanatia weusi, yanalainisha kilichokuwa kimebaki kigumu kidogo, na kuzuia dawa yoyote nyingine isiingie.

Kinachosaidia ni kuzishikanisha nyuzi. Wahifadhi wa vitabu vya zamani hutumia Klucel G, unga wa gundi ya selulosi, iliyoyeyushwa kwenye spiriti ya alkoholi, kama gramu 2 kwa mililita 100, ikipakwa kwa brashi laini. Huacha ngozi bila kung'aa na hukomesha unga. Jaribu kwanza mahali pa siri, kwani inaweza kuongeza weusi kidogo. Beti lililofika hatua hiyo lisijazwe marisaa tena. Liwe la kutazamwa.

Kuna uchafu wa kijani pale ngozi inapogusa shaba.

Hayo ni mafuta ya ngozi yaliyokutana na shaba yakawa kama nta ya kijani. Kwangua kwa njiti ya mbao, futa shaba kwa pamba yenye spiriti nyeupe kidogo, pamba isiguse ngozi. Usitumie dawa ya kung'arisha shaba yenye amonia. Amonia huweza kuipasua shaba njano iliyokunjwa, na ile chokaa nyeupe inayobaki kwenye mshono haitoki.

Wenzo hauruki, vilango vimelegea.

Mara nyingi ni uchafu, si springi. Fungua kichwa, ondoa marisaa yaliyopondeka, pitisha tone la mafuta ya cherehani kwenye egemeo na ufute linalozidi. Ikiwa springi imevunjika, mpelekee fundi saa. Usiruhusu mtu akipashe moto kichwa, kwa sababu sehemu zake zimeunganishwa kwa lehemu laini inayoyeyuka kabla hujaona rangi ya shaba ikibadilika.

Kipimio kimeandikwa aunsi 1⅛. Nikiamini?

Kipime. Kipimio hupima ujazo, na aliyekiandika alikuwa na saizi fulani ya marisaa akilini. Mwaga mara kumi kwenye mzani wa jikoni. Aunsi 1⅛ ni gramu 31.9, kwa hiyo kumi ziwe karibu na gramu 319. Angalia pia kama kila mwago unafanana na mwenzake. Ukiona unapungua mara moja na kuzidi mara nyingine, marisaa yanakwama shingoni.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi siku hizi kwa sababu ya sheria za kulinda ndege wa majini. Marekani ilizuia risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, Denmark ilikwenda mbali zaidi mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukazuia kwenye maeneo oevu kuanzia 2023. Wengi wamehamia kwenye bismuthi, ambayo ni nyepesi: kipimio kile kile kilichokupa gramu 32 za risasi kitakupa 27 au 28 za bismuthi. Usijaribu kulifidia hilo kwa kuongeza baruti. Marisaa ya chuma usiyatie kabisa kwenye bunduki ya zamani, yatakwangua mtutu laini.

Naweza kutia baruti kwenye beti la marisaa?

Hapana, hata kwa siku moja. Unyevu utaiharibu, na vumbi lake litabaki kwenye vilango vya chuma na shaba vinavyosuguana.

Marisaa ni sumu. Nijikinge vipi nikifanya ukarabati?

Risasi huingia mwilini kwa kumezwa na kwa vumbi, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Beti la zamani lina unga wa kijivu au mweupe ndani. Usilipulize kwa mdomo, jambo ambalo mkono hutaka kulifanya bila kufikiri. Lifungue nje juu ya gazeti lililolowa, vaa glavu na barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji, funga gazeti na kila kitu kwenye mfuko. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Nawa kwa sabuni hadi viwikoni. Meza ya jikoni si mahali pa kazi hii.

Nahitaji kibali?

Kwa mfuko, hapana. Kwa bunduki, inategemea nchi. Tanzania na Kenya gobore ni silaha kama silaha nyingine, na kukaa nayo bila leseni ni kosa, hata iwe ya babu na haijalia miaka hamsini. Uingereza bunduki ya kushindilia ya kupigia inataka cheti, na baruti nyeusi inataka kibali chake. Uliza polisi wa unakoishi kabla hujanunua.

Nitajuaje kwamba beti nililolishona au kulikarabati liko tayari?

Lijaze ulezi. Punje ya ulezi ni ndogo kuliko marisaa namba 6 ya Kiingereza, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 2.6, kwa hiyo panapopita ulezi utapaona kabla risasi haijapapanua. Funga kichwa, litikise juu ya sinia jeupe, lipindue, ligonge kwa kiganja shingoni pande zote. Punje zikianguka, fuata zinakotoka: kama ni mshononi, kuna tundu ulilolivuta kwa nguvu pungufu, kama ni chini ya pete, fungua uzi wa shingo na uanze kufunga upya ngozi ikiwa imelowa. Sinia likibaki tupu, mwaga ulezi wote nje kwa kuku, weka marisaa nusu, ulining'inize msumarini usiku mmoja, na asubuhi utazame chini yake.